Stima Ikirudi Ghafla: Msumeno wa Meza Nyumbani na Vidole vya Watoto

Leo sitazungumza juu ya kuhara wala homa. Leo tutachungulia kile kibanda cha mabati kilicho nyuma ya nyumba, pale baba anapotengenezea stuli, vitanda na vizimba vya kuku siku yake ya mapumziko.

Hapa Olkaria tunaishi na mitambo ya mvuke. Umeme ulianza kuzalishwa hapa mwaka wa 1981. Anayeingia kazini huko huvaa helmeti na buti, na kuna afisa wa usalama anayemwangalia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe. Lakini mtu huyo huyo Jumamosi akiwa nyumbani huwasha msumeno usio na kifuniko, amevaa slipa, na mtoto amesimama kando yake akitazama. Kazini afisa wa usalama yupo. Nyumbani afisa huyo ni nani? Mama, ni wewe.

Nikueleze kisa kimoja. Jioni moja mama aliingia mbio kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, amembeba mtoto wa miaka sita, mkono umezungushiwa leso iliyolowa damu. Baba alikuwa amejitengenezea msumeno wa meza kwa mota kuukuu. Alasiri hiyo stima ilipotea katikati ya kazi. Baba akaiacha mashine vile vile, swichi ikiwa imewashwa, akatoka kwenda dukani. Mtoto akapanda juu ya meza, akapanga vipande vya mbao kama magari. Stima ikarudi.

Mtoto alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Nyumbani walikuwa wamemwagia kidonda mafuta ya taa, na vidole vyenyewe havikutafutwa hadi asubuhi. Mtoto alipona. Alijifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto. Yule baba hakuwa mzembe. Ni mtu mwenye bidii. Kosa lilikuwa swichi moja.

Kwa hivyo jambo la kwanza, na hata ukisahau mengine yote lishike hili: stima ikipotea, zima swichi na uchomoe plagi. Stima haipigi hodi inaporudi. Kazi ikiisha, chomoa plagi pia, na waya uufungie mahali mtoto hafiki.

Msumeno wa meza ni duara la chuma lenye meno linalochomoza juu ya meza na kuzungushwa na mota. Mota nyingi za aina hii huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika moja. Hiyo ni zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Kabla hujasema "aah", meno yamepita kidoleni mara nyingi. Tena, ukizima mashine, duara huendelea kuzunguka kwa muda. Mtoto husikia kelele imepungua, akadhani imesimama.

Usifikiri ni hatari ya mafundi wa mashine kuukuu peke yao. Kule Marekani, mwaka wa 2015, zaidi ya watu 30,000 walikadiriwa kutibiwa hospitalini baada ya kuguswa na meno ya misumeno ya meza. Wengi wa wenye misumeno hiyo ni watu wa kazi za nyumbani kama sisi.

Sasa, mlezi, kagua kibanda hicho. Tazama mambo haya:

1. Kuna mlango unaofungwa kwa kufuli? Kama hakuna, wekeni. Mtoto mdogo hana kazi humo, hata ya kushika ncha ya mbao.
2. Meno yana kifuniko juu? Na mkanda wa mota chini ya meza umefunikwa? Mtoto hufikia chini kabla ya juu.
3. Kuna kijiti cha kusukumia mbao? Mkono usifike karibu na meno. Kijiti hutengenezwa kwa kipande cha mbao, bila gharama.
4. Anayekata asivae glavu, leso, tai wala mikono mirefu inayoning'inia. Wengi hudhani glavu ni kinga. Kwenye msumeno unaozunguka, glavu hunaswa na kuvuta mkono ndani. Miwani ya kukinga macho ndiyo inayofaa.
5. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa msumeno. Mbao ikibana meno hurushwa nyuma kwa nguvu, na mtoto aliyesimama nyuma ya babake hupigwa tumboni au usoni.

Na vumbi? Mwaka wa 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pia huamsha pumu. Anayekata afunike pua na mdomo, na nguo zake zikung'utwe nje kabla hajambeba mtoto. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa msipikie kamwe. Moshi wake una sumu.

Ajali ikitokea, usipoteze wakati kwa kulia wala kulaumiana. Zima mashine kwanza. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kufunua, na mkono uinuliwe juu ya kifua. Vua pete mapema kabla vidole havijavimba. Usimwagie mafuta ya taa, majani chai, majivu wala sukari. Usifunge kwa kamba nyembamba au mpira.

Kidole kikikatika, kitafute mara moja. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Nenda nacho hospitali, uwaambie saa kilipokatika. Si kila kidole hurudishwa, lakini kilichoachwa kwenye vumbi hakina nafasi yoyote. Majeruhi asile wala kunywa njiani, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Kutoka huku hadi Naivasha mjini si karibu. Andika leo namba ya jirani mwenye gari, ibandike ukutani. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga hiyo, kwa hivyo beba kitabu chake cha kliniki.

Labda unajiuliza, "Nitamwambiaje mume wangu?" Usimwambie wakati mashine inanguruma, wala mbele ya wateja. Mngojee amemaliza kula. Mwambie, "Baba Brian, mashine hii inatusaidia karo, nashukuru. Lakini naomba tuweke kufuli na kifuniko kabla ya kuanza kitanda kingine." Wengi husikia, kwa maana nao wanawapenda watoto wao.

Jioni hii, kabla hujalala, toka ukaangalie ile plagi. Ukiikuta imechomekwa, ichomoe.