Kunenepa Si Kupona
Mhadhara wa umma, Chuno, Mtwara



Ugonjwa wa hisia mseto humpandisha mtu na kumshusha. Akipanda, halali, anaongea bila kituo, na fedha za korosho zinayeyuka kabla msimu haujaisha. Akishuka, hataki kuoga wala kuonana na mtu. Hayo ndugu huyasimulia wakifika hospitali. Wasilolisimulia, kwa kuwa aghalabu hawaulizwi, ni chakula.

Mgonjwa akiwa juu hana muda wa kula. Akiwa chini, wapo wanaokataa hata uji, na wapo wanaokula bila kukoma. Hawa wa pili hungoja nyumba ilale. Mgonjwa anafunua sufuria, anamaliza ugali wa muhogo uliobaki, anakwangua ukoko, anaingia kwenye korosho zilizofungwa za kuuza. Anakula upesi, tumbo linamuuma, na bado hawezi kuacha. Asubuhi paka anasingiziwa. Wengine hujitapisha wasinenepe.

Si ulafi huo. Mwaka 1979 Gerald Russell, daktari wa London, aliieleza kitaalamu hali ya kula kupindukia kisha kujitapisha. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wakaingiza kwenye mwongozo wao, kama maradhi yanayojitegemea, kula kupindukia kusikofuatwa na kujitapisha. Tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba maradhi haya huwapata wenye hisia mseto zaidi ya watu wengine.

Dawa nazo zina sehemu yake. Olanzapini na valproeti huamsha njaa. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, huleta kiu, na anayeizima kiu hiyo kwa soda hunenepa. Tena lithiamu hufuatana na chumvi. Mwili ukipoteza maji na chumvi kwa kuhara, kutapika au jasho jingi, figo huizuia lithiamu isitoke, nayo hupanda kwenye damu hadi ikawa sumu: mikono inatetemeka sana, mtu anayumba, anachanganyikiwa. Basi anayejitapisha kwa siri huku akimeza lithiamu anacheza na uhai wake. Na anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Dini imempa mgonjwa ruhusa, asione haya kuitumia.

Sasa nije kwenye letu wenyewe. Miaka ya ukimwi ilitufundisha kuogopa kukonda, kwa hiyo mtu akijaa mashavu tunampongeza: umenawiri! Binti anaanza dawa, uzito unapanda, majirani wanamwambia mama yake ashukuru Mungu. Mwenyewe anajua gauni halimwingii, na anajua anayoyafanya jikoni usiku. Anaanza kuruka vidonge kimya kimya. Baada ya muda ugonjwa umempandisha tena, na mtaa unasema karogwa. Pongezi zetu zimemfungia mlango wa kulalamika.

Nini kifanyike? Kuanzia zahanati hadi hospitali ya Ligula, mwenye hisia mseto apimwe uzito, kiuno na sukari tangu anapoanza dawa, si baada ya kisukari kumkuta. Aulizwe faraghani, mama mkwe akiwa nje: usiku unakulaje? Nyumbani tusifunge jiko kwa kufuli. Aibu huongeza siri. Apate milo yake kwa saa zilezile, dagaa na kunde viwepo, na alale mapema, maana usingizi ukiharibika ugonjwa huamka. Dawa ikimzidi, daktari anaweza kuibadilisha au kuongeza metformini ya kupunguza uzito. Asiiache mwenyewe.

Na ninyi wenzangu mnaoandika dawa, itajeni njaa siku ileile mnapoandika dawa inayoileta. Mgonjwa aliyeambiwa mapema atarudi kulalamika, nasi tutapata nafasi ya kumsaidia. Asiyeambiwa ataacha dawa, na tutakutana naye tena wodini.