Mvua ya Alasiri na Watu wa Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

Bwana Mwenyekiti, masheikh na walimu wetu, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), natoa shukrani zangu kwa kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya kinaa, yaani moyo wa kuridhika na kile ambacho Mola amemjaalia mtu. Jambo hili lina vitabu vyake, na masheikh wenye vitabu hivyo wapo hapa wamekaa mstari wa mbele, nami si mmoja wao. Kwa hiyo nimeona ni heri nisipande juu sana. Nitasema juu ya kinaa mahali padogo na kwa saa chache tu: nyumbani kwa mtu, wakati wa alasiri, mvua ikinyesha, na watoto wakiwa ndani.

Mji wetu huu, uliokuwa ukiitwa Usumbura mpaka ulipopatikana uhuru mwaka 1962, hukauka miezi mitatu hivi, Juni mpaka Agosti. Kisha mvua huanza Septemba, nazo huendelea mpaka Mei kwa mapumziko mafupi katikati. Sote twajua namna inavyokuja. Asubuhi jua huwa kali kama kwamba halitatoka tena mbinguni. Ikifika saa nane au saa tisa, milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa hupotea machoni. Upepo huinua vumbi la avenu zetu na kulimimina katika vyungu vya watu. Akina mama hukimbilia nguo zilizoanikwa. Na mara mabati yote ya Buyenzi hupigwa kwa pamoja.

Saa hiyo watu wa kazi hutawanyika. Fundi wa magari hufunika injini aliyokwisha ifungua na kujibanza chini ya lori. Muuza vitambaa wa soko la Ruvumera hukunja mali yake haraka, kwani kitenge kilicholowa huuzwa kwa bei ya tambara. Na yule aliye karibu na kwake hukimbia, akafika mlangoni maji yakimchuruzika, akavua viatu, akaketi. Neno lake la kwanza ni lipi? Aghalabu husema, "Leo mvua imenila." Kisha huanza kuhesabu kwa vidole: mteja fulani aliyeahidi kuja saa kumi, deni fulani lililokuwa lilipwe leo, na faida iliyokwenda na maji katika mtaro.

Mimi simcheki mtu huyo. Biashara ya siku hizi twaijua. Tangu soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, tarehe iliyoandikwa katika nyoyo zetu, wako wazee katika ukumbi huu ambao mpaka leo hawajarudi katika hali waliyokuwa nayo usiku wa kuamkia siku ile. Mwenye watoto sita na kodi ya chumba hawezi kuona mvua ya saa tisa akasema ni burudani. Lakini nataka tumtazame tena, ameketi pale karibu na mlango, anahesabu. Wakati anapohesabu kilichopotea, watoto wake wamekaa ukutani wanamtazama. Na wao pia wana hesabu yao. Wanahesabu kwamba baba yuko nyumbani, na jua bado halijatua.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hoja yangu. Wengi wetu twatoka baada ya sala ya alfajiri, twarudi watoto wamelala. Baada ya kazi kuna baraza, baada ya baraza kuna mazungumzo ya kahawa, na Jumapili kuna arusi na mikutano, hii yetu ikiwa mmojawapo. Wako watoto katika mtaa huu wanaomjua baba yao kwa kikohozi cha usiku na kwa viatu vilivyo mlangoni asubuhi. Ukiwauliza baba yako anapenda nini, au baba yako akicheka hucheka vipi, hawana jibu. Si kwamba baba hawapendi, la, hasha! Anawapenda kwa kazi, kwa unga, kwa ada ya shule, kwa nguo za Idi. Ila mapenzi ya namna hiyo hufika kwa mtoto kama barua iliyotumwa kwa mkono wa mtu mwingine: mtoto huipokea, lakini sauti ya mwandikaji haisikii.

Basi mvua humrudisha baba nyumbani bila ya kumwomba rukhsa. Haimwulizi kama ana nafasi. Humfungia ndani saa mbili au tatu pamoja na wale ambao kila siku husema anawatafutia riziki. Jambo la ajabu ni kwamba sauti ya mvua juu ya bati ni kubwa hata mtu hawezi kuzungumza na mwenzake aliye upande wa pili wa chumba. Ukitaka kumwambia mtoto neno, huna budi kumvuta karibu na kumwambia sikioni. Naye akitaka kukujibu, atapanda magotini mwako. Nyumba za mabati zina taabu nyingi, lakini kwa jambo hili zimewashinda wenye majumba ya dari nene.

Masheikh wetu wametusimulia habari ya Al-Aqra bin Habis, mkuu wa Bani Tamim, aliyemwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan. Akastaajabu, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyehurumia naye hatahurumiwa. Mimi nikiisikia habari hiyo humfikiria sana Al-Aqra. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kabila na heshima, wala hakusema maneno yale kwa kuona haya. Nadhani aliyasema kwa kujivuna, akidhani kuwa ukavu ndio uanaume. Hata leo tunao watu wa namna hiyo, wanaodhani kwamba mtoto akimzoea baba atamvunjia heshima. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, mpaka wakati wa sala ulipofika akatoka.

Sasa, katika alasiri hiyo mtu afanye nini? Mambo yenyewe ni madogo mno, hata naona haya kuyataja mbele ya wakubwa. Watoto watege ndoo na masufuria chini ya michirizi ya bati, baada ya maji ya kwanza kuosha vumbi. Katika mtaa ambao bomba hukauka siku nzima, kazi hiyo ni msaada hasa, na mtoto aliyeloa kwa ajili ya ndoo ya mama yake hujiona mtu mzima. Mama ataleta chai ya tangawizi na mahindi ya kuchoma, au viazi vitamu. Bibi, ikiwa yuko, atawatega watoto vitendawili. Katika nyumba zetu nyingi bibi ataanza kwa Kirundi, "Sokwe!" nao wataitikia, "Niruze!" kisha jibu watalitoa kwa Kiswahili, na bibi atajifanya hakulisikia mpaka walirudie kwa lugha yake. Hivyo ndivyo mtoto wa Buyenzi anavyopata lugha mbili bila ya kumlipa mwalimu. Mwenye ubao wa bao na aulete, na amwache mtoto amshinde mara moja. Mara ya pili asimwache.

Na ikiingia magharibi, baba asimame mbele, watoto wa kiume nyuma yake, mama na binti zake nyuma yao. Imepokewa kwamba katika zama za Mtume, usiku wa mvua au baridi kali, mwadhini aliamrishwa awatangazie watu wasali majumbani mwao. Kwa hiyo nyumba siku hiyo haina upungufu. Wako watoto ambao hawajapata kumsikia baba yao akisoma, kwa sababu baba husali msikitini na wao husali chuoni. Siku ya mvua watamsikia. Atakayekosea herufi, basi mtoto wake atokaye chuoni atamsahihisha, na jambo hilo litazungumzwa kwa kicheko nyumbani mwezi mzima.

Nina maneno mawili ya kuonya hapa, nami nitayasema kwa haraka. La kwanza ni moto. Siku ya mvua tumezoea kuingiza mbabula ndani na kufunga mlango na dirisha ili tupate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; huwalaza watu polepole, wasiamke. Mbabula ikae barazani chini ya paa, na joto tulitafute katika blanketi. La pili ni simu. Mtu aliyeketi nyumbani na simu mkononi, anasoma habari za watu wa Ulaya na vichekesho vya watu asiowajua, huyo mvua imemrudisha kiwiliwili tu. Mara nyingi umeme hukatika radi ikipiga, na simu nayo huzimika baadaye. Watu hulalamika. Mimi siku hizo huona kwamba nyumba imepona.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, sitakuwa nimesema kweli nikiisifu mvua hapa Buyenzi kana kwamba inanyesha sawa juu ya kila bati. Huyu amejifunika shuka anakunywa chai. Na yule, avenu chache kutoka hapa, ukingoni mwa mto Ntahangwa, amesimama na viatu mguuni, mtoto begani, anasikiliza kama udongo unaanguka. Mto huo umekula viwanja vya watu, na nyumba zilizojengwa kwa jasho la miaka mingi zimening'inia katika korongo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji yaliteremka kutoka milimani juu ya mitaa ya kaskazini ya mji wetu, makumi ya watu wakafariki, wengi wao watoto, na nyumba nyingi mno zikavunjika. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, watu wa Gatumba wakahama kwa maelfu. Watu hao nao ni wenye watoto. Nao pia walikuwa nyumbani.

Je, kinaa ni kumwambia mtu wa namna hiyo aridhike? Nimesikia mtu akisema hivyo, tena mtu mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, na maneno yale yalinichukiza. Kinaa ni jambo la mtu katika fungu lake mwenyewe. Hawezi kuliagiza kwa jirani. Anas bin Malik amesimulia kwamba mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akihutubu, akalalamikia ukame, Mtume akaomba, na mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaja mtu kulalamika kuwa nyumba zinabomoka. Mtume hakumkemea kwa kukosa shukrani. Aliinua mikono tena, akamwomba Mola aipeleke mvua pembeni mwao, juu ya vilima na mabonde na mahali pa miti, isiwe juu yao. Dua zote mbili zilitoka katika kinywa kimoja, na Ijumaa mbili zilizofuatana. Kwa hiyo mtu aweza kushukuru kwa mvua iliyomkalisha na watoto wake, na saa ileile akaomba, na akafanya kazi, ili isimwangushie jirani ukuta.

Tena nasema kwamba aliyepata alasiri njema nyumbani ndiye ajuaye hasa jirani yake amekosa nini. Aliyeihesabu mvua kuwa hasara ya duka tu, akisikia nyumba ya fulani imeingia maji, atafikiri juu ya mali iliyoharibika. Lakini aliyekuwa na mtoto magotini saa hiyo atafikiri juu ya mtoto. Mvua ikipungua, atamtuma kijana wake na sufuria ya uji na shuka kavu, tena atakwenda yeye mwenyewe, kwani kuna mizigo isiyobebwa na kijana.

Nina maombi mawili kwa kamati. Kwanza, mfuko wetu wa misiba hungoja ukuta uanguke ndipo ufunguliwe. Naomba kila mwaka, mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za Septemba, itolewe sehemu yake kwa kununua mabati na misumari, na vijana wetu mafundi wapite katika nyumba za wajane na wazee kuziba panapovuja. Fundi tunao wengi. Siku tatu za kazi zatosha. Pili, wanachama wasitozwe faini kwa kutofika mkutanoni alasiri ya mvua. Bwana Mwenyekiti anatabasamu, lakini nasema kwa dhati. Mwandishi na aandike katika daftari kwamba fulani hakuhudhuria, alikuwa na watoto wake.

Ningeendelea, ila naona kupitia dirisha hili kwamba milima ya Uvira imekwisha potea, na wengi wenu mmekuja kwa miguu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.