Mwanga wa Mchana Humpa Mzee Usingizi wa Usiku



Katika nyumba nyingi yuko mzee anayeamka saa nane za usiku na asilale tena. Akiinuka gizani kwenda msalani, huenda akajikwaa na kuvunjika nyonga. Mchana husinzia kitini, na jamaa husema ni uzee tu. Wengine hukimbilia duka la dawa kumnunulia vidonge vya usingizi, ilhali vidonge hivyo huweza kumzidishia hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa.

Mwili una saa yake ndani ya ubongo. Mwanga unaoingia machoni ndio huirekebisha kila siku. Uzeeni, lenzi ya jicho huwa ya manjano na hupitisha mwanga kidogo. Mzee akishinda ndani, saa hiyo hupoteza mwelekeo. Sebuleni mwanga mara nyingi haufiki luksi 500; nje, hata kukiwa na mawingu, huweza kupita 10,000. Katika nchi ambako jua huadimika msimu wa baridi, watu hutumia taa maalumu za luksi 10,000 kwa nusu saa. Hapa kwetu jua lipo mwaka mzima, bila malipo.

Wakati wa kuota mwanga ni muhimu. Mzee anayekawia kupata usingizi atolewe nje asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kwa nusu saa au zaidi. Anayelala saa moja jioni na kuamka usiku wa manane akae nje alasiri, kuanzia saa kumi, na taa ya sebuleni isizimwe mapema. Aketi kivulini au avae kofia; asilitazame jua. Usiku, njia ya kwenda msalani iwe na taa hafifu.

Mwenye ugonjwa wa macho, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi iungue upesi juani, aulize kwanza katika kituo cha afya. Vivyo hivyo anayekoroma sana, anayeamka mara nyingi kukojoa, au mwenye huzuni isiyoisha. Anayetumia tayari vidonge vya usingizi asiviache ghafla bila ushauri wa daktari.

Kesho asubuhi, kiti cha mzee kitolewe nje kabla ya chai, naye anywe chai yake huko.