Mnapouza Hema la Pikapu



Baadhi yenu mnaoishi Marekani mna lile hema linalokunjuliwa juu ya bodi ya pikapu, na sasa mwataka kuliuza. Lianikeni kwanza. Turubai likikunjwa lingali na unyevu huota kuvu, na mnunuzi ataisikia harufu hiyo kabla hajauliza bei. Zipu mbovu itajeni wazi.

Lakini kilichotuleta hapa ni hundi. Tuseme mmelitangaza hema kwa dola 900. Mnunuzi msiyemwona analeta hundi ya benki ya dola 2,400, akiomba ziada mmtumie msafirishaji wake. Kesho yake fedha zaonekana katika akaunti, nanyi mwatuma. Kumbe sheria huitaka benki izitoe fedha hizo upesi, mara nyingi kabla haijajua kama hundi ni halali. Hundi hizo hughushiwa kwa ustadi hata makarani hudanganyika. Majuma yakipita ughushi hugunduliwa, na benki huwadai ninyi, si yule aliyekwisha kutoweka.

Hundi inayozidi bei ikataeni. Kutaneni na mnunuzi katika tawi la benki yake, hundi itolewe mbele ya macho yenu. Kabla ya hapo hema lisishuke garini.