UTUNZAJI WA GARI LETU

(Maneno ya Mtunza Gari mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Taarifa ya Bwana Mweka Hazina mmeisikia, nayo imeonyesha wazi kwamba fedha zilizotumika kwa matengenezo ya pikapu ya Chama zimezidi zile tulizowasaidia wajane wetu. Jambo hilo limewaudhi wengi, na wako wanachama watakao gari liuzwe. Kabla ya kupiga kura, nawaomba mnisikilize, kwa maana sehemu ya makosa ni yangu mwenyewe, na si vema yafichwe.

Gari letu ni Toyota Hilux ya dizeli, yenye injini ya aina ya 5L, nasi tulilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Kazi zake mnazijua: kuwapeleka wagonjwa hospitali, na kuwarudisha nyumbani Taita ndugu zetu wafiao hapa Mombasa. Mwezi wa Novemba mwaka 2023, katika mvua za vuli, tulipeleka jeneza Wundanyi. Wakati wa kurudi nilikuwa na wazee wawili na mama wa marehemu. Tukiteremka kuelekea Mwatate, katika zile kona, nilikanyaga breki mara kwa mara badala ya kutumia gia ndogo. Ghafula pedali ikazama mpaka chini, kana kwamba nimekanyaga tope. Nikarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, mwisho nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Upande wa pili wa barabara palikuwa na bonde. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini yule mama, aliyekuwa amemzika mwanawe asubuhi ile ile, aliniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, gari hili huangaliwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilifungua kikopo cha oili ya breki. Oili ilikuwa nyeusi kama kahawa. Na katika faili yetu imo risiti ya gereji moja, isemayo kwamba oili hiyo ilibadilishwa miezi michache tu kabla ya safari. Risiti ile ina sahihi yangu. Nilitia sahihi nikiwa nimeketi kwenye benchi nikinywa chai, bila kufunua boneti. Aliyetudanganya ana lawama yake. Lakini aliyepewa dhamana ya mali ya watu akakubali kudanganywa, naye ana yake.

Tangu siku ile nilianza kujifunza. Nilijua kwamba oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hapa pwani unyevu ni mwingi mno. Oili mpya ya daraja la DOT 3 haichemki mpaka ifikie nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Lakini ikisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Breki zikipata moto mlimani, oili yenye maji huchemka na kufanya mvuke. Na mvuke hubonyea, hausukumi breki. Ndiyo maana pedali ilizama. Kwa hiyo yafaa oili hiyo ibadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari halikwenda mbali.

Ndugu zangu, sisemi kwamba tuwaache mafundi. Ziko kazi za fundi aliyehitimu: pampu ya dizeli, usukani, breki zinapofunguliwa, na ule mkanda wa ndani wa injini uitwao taimingi belti. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zaweza kugongana na pistoni, na injini nzima ikaharibika. Lakini hata kazi hizo yatupasa kuzisimamia kwa macho, na kudai tuonyeshwe kifaa cha zamani kilichotolewa.

Ziko kazi nyingine ambazo kijana yeyote mwangalifu aweza kuzifanya. Kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, na apime oili kwa kile kijiti chake, aangalie maji ya rejeta, na achungulie chini kama kuna tone lolote. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni. Kila juma apime upepo wa matairi, na la akiba pia, kwa maana tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu. Afungue kibomba kilicho chini ya filta ya dizeli ili maji yaliyojikusanya yatoke. Filta ya hewa ikunguĉwe baada ya kila safari ya vumbi, na ikizidi kuchakaa inunuliwe mpya. Oili ya injini na filta yake, sisi tumeamua kuzibadilisha kila kilomita 5,000. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Ikusanywe katika debe na kupelekwa kwa wanaoipokea.

Na hapa nawaonya vijana: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala kwa mawe. Gari lisimame juu ya stendi za chuma, mahali pagumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vigingi. Tukiokoa shilingi tukampoteza kijana, tutakuwa tumepata hasara isiyo na daftari.

Nikisema daftari, nimefika kwenye neno langu kubwa. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Gari letu halikuwa na daftari. Hakuna aliyejua belti ilibadilishwa lini, wala betri ilinunuliwa wapi. Kila dereva alimwachia mwenzake, na kila mmoja wetu alidhani yupo aangaliaye. Hata ile karatasi ya ukaguzi wa kila mwaka tuliifanya kuwa hirizi, ingawa mkaguzi huliona gari siku moja tu, nasi tunalo siku zote zilizobaki.

Basi naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, vijana wawili wa Chama, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wakae na fundi mwaminifu wa jua kali kila Jumamosi kwa muda wa miezi sita, Chama kikiwalipia. Pili, zinunuliwe spana kamili, jeki nzuri na stendi nne, ziandikwe, na zifungiwe ofisini. Tatu, liwepo daftari la gari, ambalo litasomwa katika kila mkutano wa Kamati kama vile hesabu ya fedha isomwavyo.

Mkiamua gari liuzwe, nitatoa ufunguo bila kinyongo. Lakini kumbukeni kwamba siku ya msiba mwanachama hahitaji kusikia kwamba tulikuwa na gari. Na kama mtaamua libaki, naomba nisiachiwe peke yangu kulitunza. Natamani siku moja yule mama apande tena gari hili, aulize swali lake, nami nimpe daftari alisome mwenyewe.