Kabla ya Kuongeza Ghorofa: Karatasi za Mhandisi Zifike Mjengoni

Mazungumzo na wakazi wa Shauri Moyo kuhusu usalama wa majengo



Shauri Moyo ni mtaa wa tangu mwisho wa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipovunjwa na wakazi wake wengi kuhamishiwa hapa. Jina lenyewe linamwambia mtu autake moyo wake ushauri. Moyo unaweza kumshauri mtu kuhusu kuhama au kuanza biashara. Kuongeza ghorofa ni jambo jingine: jengo hushauriana na hesabu.

Kilomita chache kutoka hapa, mtaani Huruma, jengo la kupangisha liliporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Lilikuwa karibu na mto, na mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Takriban watu 50 walifariki. Waliolala humo hawakuwa na njia ya kujua kama msingi na nguzo zilitosha. Ndiyo sababu mwananchi wa kawaida anahitaji kufahamu kidogo kazi ya mhandisi wa miundo.

Mhandisi huanza na uzito. Zege la ukubwa wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja lina kilo 2,400 hivi. Slabu yenye unene wa milimita 150 basi ina kilo 360 kwa kila mita mraba. Watu na vyombo vya nyumbani hukadiriwa kilo 150 kwa mita mraba. Chumba cha mita tatu kwa tatu peke yake kinafika tani nne na nusu, kabla ya kuta na plasta. Vyumba 10 vya namna hiyo ni tani 45 na zaidi, na zote hushukia nguzo zilezile za chini. Tangi la lita 10,000 likiwekwa juu ya paa linaongeza tani 10 likijaa. Mwenye nyumba aliyepewa michoro ya ghorofa nne akijenga ya tano, amezitwika nguzo mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

Hesabu hizi hazitoki kichwani. Wahandisi wengi wa Kenya walisomea na kufanyia kazi kanuni ya Uingereza ya BS 8110, ambayo Uingereza yenyewe iliiondoa mwaka 2010 na kuchukua kanuni za Ulaya, ambazo Kenya pia imezikubali. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 nazo zimepokewa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024. Mhandisi kijana aonyeshe kwenye hesabu zake ni kanuni ipi aliyoifuata, wala asichanganye mbili katika jengo moja.

Jedwali moja katika BS 8110 linaonyesha faida ya vitabu hivi. Ili slabu isilegee, urefu kati ya mihimili yake hugawanywa kwa kina chake, na jibu la kuanzia lisizidi 20 ikiwa imeshikwa ncha mbili tu, 26 ikiwa inaendelea juu ya mihimili kadhaa, na 7 ikiwa ni roshani inayoning'inia. Roshani ya mita 1.4 basi inaanzia kina cha milimita 200. Tena vyuma vyake vikuu hukaa upande wa juu, kwa sababu huko ndiko zege linakovutwa. Fundi akivilaza chini kama vya slabu ya kawaida, roshani inaweza kukatika mbao zikiondolewa. Mchoro mmoja ulio wazi, ukibandikwa mjengoni, unazuia kosa hilo.

Kwa hiyo karatasi zisibaki ofisini. Kuna nne ambazo mwenye nyumba anafaa kuwa nazo.

Ya kwanza ni ripoti ya udongo. Sehemu nyingi za Eastlands zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kina cha msingi huamuliwa baada ya kuchimba na kupima, hata kama jirani alijenga bila kupima.

Ya pili ni michoro ya miundo iliyotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya na kuidhinishwa na kaunti. Idadi ya ghorofa kwenye mchoro iwe ndiyo inayojengwa.

Ya tatu ni majibu ya zege. Siku ya kumwaga, vipande vya mchemraba vya milimita 150 hujazwa, kisha huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kustahimili tani 57 hivi kwenye kipande kimoja. Kuongeza maji ili limwagike kwa urahisi kunapunguza nguvu hiyo. Kulinyunyizia maji kwa siku saba kunaisaidia.

Ya nne ni rekodi ya ukaguzi. Kabla ya kumwaga, mhandisi huhesabu vyuma na ringi, na kuangalia biskuti za simiti zinazoviinua vyuma ili visifikiwe na kutu. Zege likishamwagwa, hakuna awezaye kuhesabu tena.

Mpangaji naye ana haki ya kuuliza kama jengo lina cheti cha kukaliwa. Ufa mwembamba kwenye plasta huenda usiwe na neno. Ufa wa mshazari kwenye nguzo au boriti, mlango unaoanza kukwama ghafla, au slabu inayopinda ni mambo ya kuripotiwa siku hiyohiyo kwa kaunti au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na watu watoke kwanza.

Gharama ya mhandisi huonekana kubwa kwa sababu hulipwa kabla ya kodi ya kwanza kuingia. Lakini anayelala chini ya slabu hakuchagua vyuma wala hakuhesabu nguzo. Anawategemea wanaojenga, na wao wana wajibu wa kumwonyesha karatasi.