Simu yako ni kompyuta: kuonana na jamaa wa mbali kwa gharama nafuu na kwa usalama

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa TEHAMA na wakazi wa wadi ya Mountain View, kaunti ndogo ya Westlands. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi wa wadi zote za Nairobi.

 

Nimekuja na jambo moja. Kile kifaa ulicho nacho mfukoni si simu tu. Ni kompyuta. Ina kamera, ina kipaza sauti, na ndani yake mna programu zinazofanya kazi bila wewe kuziona. Ukielewa kidogo kinachofanyika unapompigia mtu simu ya video, utalipa kidogo, utampata jamaa yako hata akiwa katika nchi yenye masharti, na hutampa mwizi ufunguo wa pesa zako.

Kuna wanaosema simu ya video ni starehe ya vijana. Sikubaliani nao. Nyumba nyingi hapa zina binti, kaka au mjomba anayefanya kazi Riyadh, Dubai, Doha au London. Kwa sauti mtu anaweza kusema "niko sawa" na hayuko sawa. Mama akiuona uso wa mwanawe, anajua kama amekonda, kama analala, kama anaogopa kusema. Kwa kijana aliye mbali, dakika 10 za kuonana zaweza kuwa ndizo zitakazoifanya familia ichukue hatua mapema.

TULIKOTOKA

Januari 2007, kampuni ya Nokia ilitoa kompyuta ya mkononi iliyoitwa N800. Haikuwa na mahali pa kuweka laini ya simu. Ilitegemea Wi-Fi, ilikuwa na kamera ndogo iliyochomoza ubavuni, na iliendeshwa na Linux. Linux ni programu huria. Maana yake ni kwamba maelekezo yake yako wazi, kama mapishi ya pilau yaliyobandikwa ukutani. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyakagua, kuyarekebisha na kupika kwake.

Watu walijaribu kupiga simu za video kwa kifaa hicho. Waliweza, lakini kwa shida. Mtu wa upande wa pili ilimbidi awe na programu inayozungumza lugha moja na yako, la sivyo mlisikia kimya. Hilo ndilo somo la kwanza: simu ya video haitegemei kamera nzuri pekee, inategemea makubaliano kati ya pande mbili.

Hapa kwetu wakati huo tulikuwa na shida nyingine. Intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Ukiuliza swali, jibu lilichelewa karibu nusu sekunde kwa sababu ya safari hiyo tu, na bei ilikuwa ya juu mno. Mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, kisha EASSy ikafuata mwaka 2010. Picha unayoiona leo kutoka Dubai au London mara nyingi hupita chini ya bahari kabla ya kupanda bara hadi Nairobi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, wengi wenu mliona intaneti ikizorota siku hiyo. Shida haikuwa simu zenu.

Mwaka 2011 ikaja Huawei IDEOS, kwa bei ya karibu shilingi 8,000. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza kumiliki. Ilitumia Android, ambayo msingi wake ni ile ile Linux. Haikuwa na kamera ya mbele, lakini ilifungua mlango. Leo simu nyingi zilizomo humu ukumbini ni za Android. Kwa hiyo kompyuta ya mkononi yenye msingi huria, iliyokuwa kitu cha wachache mwaka 2007, sasa iko mikononi mwenu.

Tusidhani pia kwamba programu huria ni jambo la kigeni. Ushahidi, iliyotumiwa kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008, ilitengenezwa na Wakenya na wenzao, ikawekwa huria, na ikatumiwa katika nchi nyingine nyingi.

BANDO INAISHIA WAPI

Sasa tuhesabu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nimenunua bando asubuhi, mbona jioni imeisha?"

Chukua simu ya video ya wastani, inayotuma kilobiti 500 kila sekunde. Kwa dakika moja hiyo ni kama megabaiti 4. Lakini unatuma na pia unapokea, kwa hiyo ni karibu megabaiti 7 na nusu kila dakika. Ukizungumza nusu saa, zimekwenda megabaiti 225. Bando ya gigabaiti moja inakupa kama saa mbili na robo hivi.

Ukizima kamera zote mbili mkabaki na sauti, matumizi hayafiki megabaiti 1 kwa dakika. Nusu saa ile ile haifiki megabaiti 30. Sauti inabanwa kwa njia iitwayo Opus, ambayo ni huria na ilikubaliwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012. Ndiyo maana programu nyingi zinaitumia.

Basi fanyeni hivi. Anzeni kwa video, muonane, watoto wamsalimie shangazi, nyanya aone mjukuu. Mkiridhika, zimeni kamera mzungumze mambo marefu kwa sauti. Kwenye WhatsApp, ingia katika mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uwashe chaguo la kutumia data kidogo kwenye simu. Kwenye Signal liko pia.

Mkutano wa watu wengi una hesabu nyingine. Mkiwa wanne, unatuma picha yako moja lakini unapokea nyuso tatu. Mkiwa kumi, mzigo unazidi na simu inapata joto. Katika mkutano wa chama au wa kamati ya mazishi, anayezungumza ndiye awashe kamera, wengine wazime.

PROGRAMU IPI?

Sikuja kumuuzia mtu programu. Nitasema tofauti zake, nanyi mchague.

WhatsApp wengi mnayo. Ujumbe na simu zake zimefungwa kwa ufunguo, kwa namna kwamba aliye katikati hawezi kusikiliza. Lakini programu yenyewe si huria. Hatuwezi kusoma mapishi yake yote, na ni mali ya kampuni ya Meta.

Signal ni huria na imefungwa vivyo hivyo. Inataka nambari ya simu tu, na jamaa yako naye awe nayo.

Jitsi Meet nayo ni huria, na ilianza kama kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2003. Uzuri wake ni kwamba anayealikwa hahitaji kufungua akaunti. Anatumiwa kiungo, anakibonyeza, anaingia. Kwenye tovuti yao ya umma, anayefungua mkutano ndiye anayetakiwa kujitambulisha kwa akaunti. Na kwa kuwa ni huria, shule, kanisa, msikiti au ofisi yenye fundi inaweza kuiweka kwenye mashine yake yenyewe, mazungumzo yasipite kwa mtu mwingine.

Kwa nini uhuria huu ukuhusu wewe unayeuza mboga pale stejini? Kwa sababu kampuni inaweza kufunga mlango siku yoyote. Skype, iliyowaunganisha watu tangu 2003, ilifungwa Mei 2025. Aliyekuwa hana njia nyingine alianza upya. Kuwa na njia mbili ni kama kuwa na ndoo ya akiba siku mfereji ukikauka.

JAMAA ALIYE GHUBA

Hapa nawaomba msikilize kwa makini. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na kwingineko, simu za WhatsApp na FaceTime zimezuiwa. Ujumbe unapita, simu haipiti. Kuna programu zilizoidhinishwa huko, kama BOTIM. Saudi Arabia iliondoa katazo lake Septemba 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yake.

Kwa hiyo binti akiwa Dubai na simu yake haipatikani kwa WhatsApp, msikimbilie kusema ametekwa, wala msimlaumu kwamba amewasahau. Ulizeni kwanza anatumia programu gani, muweke hiyo hiyo. Na msimshauri atumie VPN kukwepa katazo. Sheria ya huko inaadhibu matumizi ya VPN kutenda kosa, na faini yake inaanzia dirham 500,000. Hayo ni mamilioni ya shilingi.

Tena, msimwombe azungushe kamera nyumbani kwa mwajiri ili muone sebule. Kupiga picha watu na makazi yao bila ruhusa ni kosa kubwa huko. Aonyeshe uso wake na chumba chake, inatosha.

Kabla hajasafiri, kubalianeni mambo matatu: programu mbili mtakazotumia, siku na saa ya kupigiana kila wiki, na neno moja la familia ambalo akilisema mtajua ana shida hata kama kuna mtu amesimama kando yake. Andikeni pia jina la wakala, jina la mwajiri na anwani. Mkiona dalili mbaya, pelekeni maelezo hayo kwa wakala, kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora na kwa ubalozi wetu wa nchi hiyo. Mkiwa na tarehe ya simu ya mwisho na anwani mkononi, ofisi inakuwa na pa kuanzia.

WEZI WA KIOO

Miezi miwili baada ya ile N800 kutoka, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Siku hizo simu ya video ilikuwa kwenye kifaa kimoja na pesa kwenye kingine. Leo vyote viko kwenye kifaa kimoja. Hapo ndipo mwizi anapopenyea.

Mbinu moja ni hii. Mtu anakupigia simu ya video, anasema yeye ni wa huduma kwa wateja au wa benki. Anakuomba ubonyeze kitufe cha kushiriki skrini ili "akusaidie". Ukibonyeza, anaona kila kinachotokea kwenye kioo chako: ujumbe wa benki, nambari za uthibitisho, salio. Hana haja ya kukunyang'anya simu.

Mbinu ya pili ni kuombwa ile nambari ya tarakimu 6 iliyoingia kwa ujumbe. Ukiitoa, WhatsApp yako inahamia kwake, kisha anaanza kuomba pesa kwa jina lako.

Mbinu ya tatu ni mpya: uso na sauti vinaigizwa kwa kompyuta. Unaona mwanao akilia anataka pesa za hospitali. Usitume. Kata, mpigie kwa nambari yake ya siku zote, uulize lile neno la familia.

Usishiriki skrini na mtu usiyemjua. Usitaje PIN wala nambari ya uthibitisho kwa yeyote. Washa ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Ukiwa mteja wa Safaricom, tuma nambari ya tapeli kwa 333, na ukiibiwa piga ripoti kituo cha polisi. Kumbuka pia kwamba picha na mazungumzo yako ni mali yako. Katiba katika kifungu cha 31 inalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

NA SERIKALI PIA

Tangu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mahakama zetu zimekuwa zikisikiza kesi kwa video. Mikutano ya ushirikishaji wa umma nayo mara nyingine hutumiwa kiungo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki. Kwa maoni yangu, mkutano unaohitaji simu ya bei ghali au programu nzito ni kama mkutano uliofungiwa mlango. Mkipata mwaliko wa namna hiyo, muulizeni msimamizi wa wadi: je, naweza kuingia kwa kiungo tu, bila akaunti? Je, naweza kushiriki kwa sauti pekee? Hayo ni maswali halali, na sisi maofisa tunapaswa kuyajibu.

Nimalizie hapo. Leo usiku, kabla hujalala, mpigie jamaa mmoja aliye mbali. Mkubaliane programu ya pili na neno la familia. Mwenye mzazi asiyejua kutumia simu hii, akae naye kando, amfundishe polepole bila kumpokonya kifaa mkononi. Sasa karibuni kwa maswali, na mwenye simu inayomsumbua aje nayo hapa mbele tuitazame pamoja.